Haibridi za kuchaji: ununue gani Nairobi, na nambari ya chesisi uiangalie wapi

Mmeniandikia sana mkiuliza Prius PHV ya Toyota ama Outlander PHEV ya Mitsubishi (PHV na PHEV ni kitu kimoja, gari ya mafuta na betri ambayo unaichaji kwa plagi), na karibu wote swali ni inakula mafuta ngapi. Mafuta tuwache, zote zinakula kidogo. Mimi nataka tuongee rikoli, yaani kampuni ikigundua kasoro inaita magari yarudi itengeneze bila malipo, sasa gari ikishauzwa mnadani Japan hiyo barua inabaki kwa mwenye wa kwanza, haipandi meli kuja Mombasa.

Na hapo ndipo watu wanachezwa. Gari ya Japan haina ile VIN, yaani nambari ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17, ina nambari ya chesisi fupi, kwa mfano ZVW52 halafu kistari na nambari. Dila anaiweka kwa tovuti ya Marekani, haileti kitu, anakuonyesha simu anasema "iko safi madam". Si safi, ni vile hiyo tovuti haiijui! Iweke kwa tovuti ya Japan ya kampuni iliyounda gari, kama Toyota, simu itakutafsiria. Halafu fungua mlango wa dereva uangalie kando ya kile chuma mlango unashikia ukifungwa, rikoli nyingi zikishafanywa Japan hubandikwa stika ndogo hapo, iko na nambari.

Namba moja kwangu ni Prius PHV ya chesisi inayoanza na ZVW52, na sifichi, mimi ni mtu wa Toyota. Ndio, Septemba 2018 waliita magari zaidi ya milioni 1, hii ikiwemo, zilizoundwa Juni 2015 hadi Mei 2018, kwa sababu nyaya za umeme zilikuwa zinasuguana na kifuniko mpaka ganda linaisha na zinaweza kushika moto. Lakini kasoro inajulikana na dawa yake inajulikana: nyaya zinakaguliwa, zinafunikwa ama zinabadilishwa.

Ya pili Outlander PHEV. Mwaka wa 2013 betri ya moja iliyeyuka Yokohama, Mitsubishi ikasimamisha kuziunda kwa miezi. Chukua za baadaye, chesisi inayoanza na GG3W.

Kuga za Uingereza sitaki, Agosti 2020 Ford, kampuni inayoziunda, iliambia wenyewe wasizichaji kabisa kwa hofu betri itashika moto, sasa ulinunua plagi ya nini? Na Jeep 4xe, Novemba 2025 zaidi ya 320,000 Marekani ziliitwa, watu wakaambiwa waegeshe nje mbali na nyumba kwa hofu hiyo hiyo ya moto. Wewe unayeegesha chini ya ghorofa Kilimani utaipeleka wapi?

Za bei rahisi, Prius PHV za zamani za chesisi ZVW35, uliza rikoli ya eabegi, baadhi ziliitwa 2016.

Kinachoniuma ni hizi yadi, wanaongeza bei juu ni haibridi, lakini ukiomba chesisi kabla ya kulipa diposti wanakuambia logibuku iko kwa bosi. Chesisi imeandikwa kwa gari yenyewe jamani, piga picha, na wakikukataza toka uende yadi ingine.