Nani Aliulizwa? Vitabu Vitatu vya Sinema, Jukwaa na Ukoloni

Kitabu cha msomi nakianzia mwisho, kwenye tanbihi. Ndivyo nilivyozoea tangu nianze kuongoza michezo ya kuigiza, maana jukwaani swali la kwanza ni lilelile: hadithi hii inasimuliwa na nani? Tanbihi zikijaa namba za mafaili ya serikali, najua nitakayoyasoma ni mawazo ya waliokuwa na taipureta. Zikijaa mahojiano, najiandaa kwa masimulizi matamu na kumbukumbu zilizotiwa chumvi kidogo. Vitabu vitatu nilivyovimaliza karibuni nimevipima hivyo, na havikupata alama sawa.

Films for the Colonies cha Tom Rice, kilichotolewa na University of California Press mwaka 2019, kinahusu Colonial Film Unit, kitengo cha filamu ambacho Waingereza walikianzisha mwaka 1939, vita vilipoanza, ili watu wa makoloni waelezwe kwa picha kwa nini wachangie. Aliyekiongoza ni William Sellers, ofisa wa afya ambaye kabla ya hapo alikuwa akizungusha filamu za usafi na magonjwa huko Nigeria. Sellers alikuwa na nadharia yake: eti mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokatwakatwa, kwa hiyo kamera itulie, tukio liende polepole, na hila za uhariri ziachwe. Nadharia hiyo ndiyo iliyozaa filamu kama Mr. English at Home ya mwaka 1940, inayofuata maisha ya nyumbani ya familia moja ya Kiingereza kwa mwendo ambao ungemsinzisha hata Mwingereza mwenyewe.

Rice ni mchimbaji hodari. Anatuonyesha kwamba kitengo hiki kilikuwa zaidi ya filamu zake: kilikuwa na jarida, magari ya sinema yaliyokwenda vijijini, hata mafunzo ya kutengeneza filamu, Accra mwaka 1948, kisha Jamaica mwaka 1950. Sehemu hiyo ya mafunzo ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu waliofundishwa kutumikia dola ndio waliokuja kushika kamera bendera ilipobadilishwa, na Rice haoni haya kuuliza ni mazoea gani waliyobaki nayo.

Manung'uniko yangu yako kwa mtu mmoja tu: msemaji. Nyingi ya filamu hizo hazikuwa na sauti. Kando ya gari alisimama mtu na kipaza sauti, akieleza kwa lugha ya wenyeji kinachoonekana kwenye kitambaa. Kwangu huyo ndiye mwigizaji mkuu wa onyesho. Rice anamtaja, lakini mafaili yamehifadhi maagizo aliyopewa msemaji, hayakuhifadhi aliyoyasema. Mimi nimefanya kazi na waigizaji. Mpe mwigizaji kipaza sauti, umati uliokwisha kuchangamka, na bosi asiyeielewa lugha vizuri, halafu uniambie kama atasoma karatasi kama ilivyoandikwa! Kurasa za namna hiyo ningezinunua peke yake. Hazipo, na sidhani kama ni kosa la mwandishi, ila pengo linaonekana na angeweza kulikalia zaidi.

Ukitoka hapo ukafungua Reel Pleasures cha Laura Fair, ni kama mtu amefungua dirisha. Kimechapwa na Ohio University Press mwaka 2018, na kinahusu majumba ya sinema ya miji ya Tanzania katika karne ya 20. Fair si mgeni wa maeneo haya. Mwaka 2001 alishatoa kitabu kuhusu starehe na siasa Zanzibar, ambamo Siti binti Saad ana nafasi yake. Safari hii amewauliza watu waliokaa vitini: walivaa nini, walikwenda na nani, tiketi waliipataje wakati walanguzi wameshazikamata zote. Filamu ya Awara ya mwaka 1951, ile ya Raj Kapoor, inapata nafasi ambayo maofisa wa Sellers wasingeielewa kamwe. Wakati wao wakibishana kama Mwafrika anaweza kufuata picha, watu wa mjini walikuwa wakitoka ukumbini wakiimba nyimbo za Kihindi na kubishana kama mapenzi yanaweza kushinda nasaba na tabaka. Hili peke yake linaivunja nadharia ya kamera kutulia bila Fair kuhitaji hata kulitaja jina la Sellers.

Kitu kingine anachokifanya vizuri ni biashara. Vitabu vingi vya sinema hudhani filamu hujileta zenyewe. Hapa unakutana na wenye majumba, wengi wao wenyeji wenye asili ya Kihindi, wanavyogombea filamu, wanavyosafirisha mikanda, wanavyojua mtaa upi unapenda nini. Na sura ya sinema ya magari ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966, ni raha tupu: nchi inahubiri Ujamaa, na huku watu wamepanga magari wanatazama filamu chini ya nyota. Fair hawacheki. Anawasikiliza, anaonyesha kwamba kwao hayo mawili hayakugongana kama tunavyodhani.

Kasoro ipo. Waliohojiwa wanakumbuka ujana wao, na ujana ukikumbukwa huwa hauna mbu wala kiti kilichovunjika. Mara nyingine Fair anaupokea utamu huo mzimamzima. Ningependa amtafute yule aliyekatazwa kwenda, au aliyekwenda akachoka akalala.

Cha tatu ni kikongwe kuliko vyote: Theatre to Cinema cha Ben Brewster na Lea Jacobs, Oxford University Press, 1997. Hapa aliyeulizwa si ofisa wala mtazamaji. Wameuliza filamu zenyewe, na vitabu vya zamani vya kufundishia waigizaji. Hoja yao ni kwamba filamu ndefu za miaka ya 1910 hazikukimbia jukwaa. Zilichukua kwake namna ya kupanga picha, kusimamisha tukio kwenye kilele, na kutumia mkao wa mwili. Wanafuatilia Uncle Tom's Cabin, hadithi ya utumwa wa Marekani, kutoka jukwaani, ambako riwaya hiyo ya 1852 ilitoholewa papo hapo na kuchezwa kwa miongo, hadi filamu ya Edwin S. Porter ya 1903 na nyingine zilizofuata. Ni kitabu cha umbo. Anayetaka siasa ya rangi, na kwenye hadithi hiyo ipo tele, atatoka na njaa.

Lakini kwa anayeongoza, kuna maelezo humu yenye thamani kuliko semina nyingi. Eneo la kuigizia mbele ya kamera ni pembetatu: jembamba karibu na lenzi, pana kwa nyuma. Jukwaani upana uko mbele. Na kwa kuwa kamera ni jicho moja, waigizaji unaweza kuwapanga mmoja nyuma ya mwingine, jambo ambalo ukumbini lingemnyima kuona aliyekaa kiti cha pembeni. Nimebadilisha mipango ya mazoezi kwa sababu ya kurasa hizo. Lugha yao ni kavu, sentensi ndefu, na mifano mingi ni ya filamu ambazo msomaji hatazipata kwa urahisi, kwa hiyo picha zilizomo kitabuni zitazame polepole kabla ya kusoma maneno. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye sura za uigizaji, kisha arudi kwenye utangulizi akipata muda.