Duka la vitabu lililoniambia chui na duma ni mamoja

Kama unatafuta vitabu vya maana vya historia, safari na wanyamapori, hili duka la mtandaoni lipitie mbali. Majuzi nilinunua kwao kitabu kinene walichokisifu wenyewe. Nafungua sehemu ya wanyama: picha ya duma imejaa ukurasa, chini yake wameandika "chui". Duma kabisa! Ile mistari miwili meusi imeshuka kutoka machoni hadi mdomoni, madoa meusi tii yaliyojaa, si yale ya chui yaliyojipanga duara. Mtoto akisoma pale anakua na uongo huo.

Nikawaandikia kwa heshima zote. Jibu: "Ndugu mteja, wote jamii ya paka tu, tatizo liko wapi?" Tatizo liko wapi! Unauza vitabu vya wanyama, halafu jina la mnyama huoni kama lina uzito? Nikawauliza kama huwa wanavisoma kabla ya kuvisifu. Kimya hadi leo.

Basi nikaanza kukisoma kwa jicho kali. Fisi eti "huishi kwa mizoga tu", ilhali fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Marejeo hakuna, faharasa hakuna, ramani ni moja tena haina hata skeli. Mimi kitabu cha aina hii hukifungua nyuma kwanza, nione mwandishi kazitoa wapi habari zake. Hawa wa duka walikuwa wameonyesha jalada peke yake.

Lakini sura ya Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco wa karne ya 14, jamani! Haki lazima isemwe. Aliyeiandika hawezi kuwa yule wa wanyama. Anamtoa kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, anamfikisha Kilwa 1331, kisha anakwambia waziwazi kwamba habari zile zilikuja kuandikwa na msomi Ibn Juzayy kwa kusimuliwa na msafiri mwenyewe, kazi ikakamilika 1355. Yaani zaidi ya miaka 20 baada ya Kilwa! Kwa hiyo anapima kila jambo: hili alilishuhudia, hili huenda alilisikia kwa watu. Niliimaliza, nikairudia usiku uleule.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Natoa tatu, na kitabu sikirudishi ng'o. Duka lenyewe silipi hata nusu nyota mpaka yule aliyenijibu aombe radhi na picha ile irekebishwe.