Kibebeo cha tairi la akiba nilichotengenezewa Birere

Pikap yangu ni Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, na kazi yake ni kuleta kabichi na viazi Goma, mashariki mwa Kongo, kutoka Kibumba. Kiwandani walitundika tairi la akiba chini ya bodi kwa mnyororo: unaingiza mpini kwa nyuma, unazungusha, tairi linashuka. Ila mnyororo ule kwetu unakula vumbi la mawe ya volkano kiangazi kizima, halafu mvua inaugandisha kwa tope. Nilikuwa siutazami kamwe.

Jioni moja jiwe la lava lilinichana tairi la nyuma, kulia, ubavuni kabisa mahali pasipozibika. Nikaingiza mpini. Ukazunguka mara mbili, ukakwama. Nikalala chini ya gari lililoinama, magunia yote juu yangu, nagonga kutu kwa spana huku giza linaingia. Dereva mmoja wa lori alisimama akanipa msumeno wa chuma, tukakata mnyororo. Mungu ambariki, maana kijana wangu wa kubeba mizigo alikuwa ameanza kutetemeka kwa baridi.

Kwanza nilinunua mtambo wa mnyororo kama ule, wa mtumba, dola 25. Muuzaji aliapa ni wa Hilux. Matundu yake hayakulingana na ya chasi yangu, na chini ya rangi nyeusi mbichi meno yalikuwa yameliwa na kutu. Alikataa kurudisha pesa. Mkinunua kitu hicho, kizungusheni kwanza kwa mkono mkiwa palepale dukani.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa Birere hapa Goma. Aliniambia, "Papa, acha habari ya mnyororo. Niletee ekseli ya nyuma iliyokatika." Sikumwelewa hadi nilipoona. Ule uso wa ekseli, pale gurudumu linapofungwa, tayari una bolti sita zilizopangwa sawasawa na rimu yako, kwa hiyo hakuna kupima wala kutoboa. Aliikata akabakiza kipande kifupi, akakichomelea kwenye nguzo ya bomba nene, nguzo akaisimamisha juu ya bamba la chuma. Tairi linasimama wima, unalibana kwa nati tatu za kawaida za gurudumu.

Tulibishana mambo mawili. Yeye alitaka kukiweka kibebeo nyuma ya kabini kama wengi wanavyofanya. Nikakataa: gari likijaa, tairi linazikwa chini ya magunia. Nikataka kiwe karibu na mlango wa nyuma, upande wa kulia, kwa sababu sisi tunaegesha kulia na sitaki kushusha tairi huku malori yananipita mgongoni. La pili, alitaka kukichomelea moja kwa moja kwenye bodi. Chini yake kuna tangi la mafuta na mabomba ya breki! Tukakifunga kwa bolti nne, na bamba la pili kwa chini ili bati lisichanike, kwani tairi na rimu yake ya chuma ni kama kilo 30, na barabara yetu inazirusha kutwa nzima.

Kosa lilikuwa moja. Baada ya wiki mbili niliona mstari mwembamba kama unywele pale ekseli inapokutana na nguzo. Chuma cha ekseli ni kigumu. Ukikichomelea kikiwa baridi kinapasuka. Nilimrudishia, naye hakubishana wala hakuniomba hata franka. Alisaga ile sehemu, akaipasha moto kwenye makaa hadi mate yakawa yanachemka juu yake, akachomelea upya, kisha akaifukia kwenye majivu ipoe polepole hadi kesho yake. Kwa hilo nampa heshima yote. Kazi nzima ilinigharimu dola 40, ekseli nikaipata kwenye vyuma chakavu.

Hasara ipo: tairi lina kimo cha sentimita 74 hivi, na linanila nafasi ya gunia moja la viazi kila safari. Pia liko wazi kwa wezi, kwa hiyo nimepitisha mnyororo na kufuli kwenye rimu.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nikifunge. Mwezi uliopita tairi lilipasuka tena, karibu na palepale, gari likiwa limejaa. Sikushusha hata kabichi moja. Kijana alifungua nati tatu wakati mimi naweka jeki, na tulifika sokoni kabla akina mama hawajafunga meza zao.