Springi za Nyuma za Hilux Kuukuu Zikilala: Kipi Ununue Kwanza na Kipi Ukiache Dukani

Hilux zilizotoka kiwandani kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 2000, zile za injini za dizeli zinazoitwa 2L, 3L na 5L, bado ndizo zinazoshusha ndizi sokoni, saruji kwenye ujenzi na maji kwenye mitaa isiyo na mabomba. Nyingi kati ya hizo zimelala nyuma hata zikiwa tupu. Mwenye gari anapoamua kulishughulikia huenda dukani akiomba kitu cha kuliinua, na hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea, kwa sababu kimo cha gari na uwezo wake wa kubeba ni mambo mawili tofauti: vipo vifaa vinavyouzwa ambavyo huinua bodi bila kuongeza nguvu hata kidogo, na gari likishapakiwa hushuka kama kawaida yake. Mpangilio ninaoutoa hapa unafuata kigezo kimoja, yaani ni kiasi gani cha uwezo uliopotea kitarudi, kwa usalama, kwa fedha unayotoa.

Kabla ya kununua chochote, pima. Egesha gari tupu mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto. Tofauti inayozidi sentimita mbili kati ya pande mbili inaashiria springi iliyochoka zaidi ya mwenzake, jani lililokatika, yaani kimoja cha vipande bapa vya chuma vinavyopangwa kuunda springi, au bushi iliyokwisha, ile raba inayokaa kwenye tundu la ncha ya springi. Baada ya hapo ingia chini ya gari na utazame. Springi nzima, gari likiwa tupu, ina upinde wa wazi kama tumbo la mtumbwi, ncha zake zikiwa juu na katikati pakiwa chini. Iliyonyooka kabisa imechoka, na iliyopinda kinyume imekufa. Tazama pia raba iliyopo kati ya chasisi na ekseli: ikiwa inakaribia kugusana na ekseli bila mzigo wowote, pigo la kila tuta unalopita linapokewa na chasisi yenyewe. Pitisha brashi ya waya kwenye majani karibu na senta bolti, ile inayoyafunga majani pamoja, na karibu na klampu zinazoyabana, kwa kuwa nyufa hupenda kuanzia hapo na kutu huzificha.

Pima pia mzigo wako kwa ukweli. Mfuko wa saruji una kilo 50, hivyo mifuko 20 ni tani moja. Tanki la maji la lita 1,000 likijaa ni tani moja kabla hujahesabu tanki lenyewe. Hilux nyingi za umri huu ziliundwa kubeba tani moja au pungufu kidogo, na watu waliokaa ndani wamo kwenye hesabu hiyo. Anayepakia tani mbili kila siku hatafuti springi bali gari jingine, kwa sababu hata springi zikiongezwa nguvu, beringi za magurudumu, breki, difu na chasisi vitabaki vilevile.

Chaguo la kwanza, na ninalisimamia bila kusitasita kwa gari ambalo mwenyewe anakusudia kukaa nalo, ni seti mpya kamili ya springi za pande zote mbili, pamoja na bushi mpya, sheko mpya, yaani vishikizo vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chasisi, na yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Chuma cha springi hakichakai kwa kulika tu. Kimepinda na kurudi mara mamilioni, na kila jani limepoteza sehemu ya upinde wake huku kutu ikilipunguza unene. Unene huo una uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu ugumu wa jani hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Jani la milimita 7 ni gumu zaidi ya mara moja na nusu ya jani la milimita 6 lenye urefu na upana uleule. Hii ndiyo sababu springi iliyoliwa na kutu kidogo tu kwenye kila jani huwa imepoteza nguvu nyingi ingawa kwa macho inaonekana nzima.

Ukinunua seti mpya, nunua kwa mzigo na si kwa jina la gari peke yake. Watengenezaji makini, wakiwemo wale wa Australia kama Old Man Emu na Ironman, hutoa springi za gari moja katika viwango kadhaa kulingana na uzito unaokaa garini muda wote. Hapa watu wengi huchukua kiwango kizito zaidi wakidhani wamepata faida. Springi ya mzigo mzito kwenye gari linalotembea tupu siku nyingi haijikunji. Nyuma ya gari hurukaruka kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, matairi hupoteza mshiko, na barabara ikiwa imelowa gari linaweza kukuzungukia kwenye kona. Chagua kiwango kinacholingana na mzigo wa kawaida, si wa siku moja ya mwaka.

Nenda dukani na vipimo, iwe ni Gerezani, Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au Kisekka jijini Kampala: urefu kutoka jicho hadi jicho, yaani tundu la ncha moja hadi la ncha nyingine, upana wa jani, idadi na unene wa majani, na umbali kutoka jicho la mbele hadi senta bolti, ambayo si lazima iwe katikati kabisa. Hilux ya kebini moja na ya kebini mbili, ya magurudumu mawili ya kuendesha na ya manne, zinaweza kutofautiana kwa vipimo hivyo, na muuzaji anayekuambia kuwa zote zinaingiliana anauza alichonacho. Ukiishika springi, angalia kama ncha za majani zimelainishwa au zimekatwa tu kwa mashine na kuachwa na makali, kwa kuwa ncha kali hulila jani la juu yake. Angalia pia kama jani la pili linalizunguka jicho la jani kuu angalau kwa sehemu, kwa sababu jani kuu likikatika safarini, hilo la pili ndilo litakaloizuia ekseli isihame mahali pake.

Chaguo la pili ni kuongeza jani kwenye springi zilizopo. Kwa mtu ambaye springi zake bado zina upinde, hazina nyufa, na tatizo lake ni kwamba mzigo umeongezeka, hii ni njia nzuri na ya gharama nafuu. Sharti ni kwamba jani linaloongezwa liwe refu, linalokaribia urefu wa jani la pili au la tatu, na liwe na upinde unaozidi kidogo ule wa majani yaliyopo ili yote yafanye kazi pamoja. Jani fupi na nene linalowekwa chini kabisa huonekana imara, lakini uzito wote huishia kwenye ncha zake, na pale ndipo jani la juu huja kukatikia. Ongeza pande zote mbili kwa jani la aina moja, na ununue senta bolti na yubolti ndefu zaidi, kwa kuwa za zamani hazitafika. Nikiona springi imekwishanyooka kabisa, siwezi kumshauri mtu aongeze jani: jani jipya litabeba karibu mzigo wote peke yake na litachoka upesi.

Tatu naweka springi za mtumba zilizotoka kwenye magari yaliyoagizwa na kubomolewa. Zinaweza kuwa bora kuliko mpya za bei ya chini mno, mradi uzipime. Zilaze mbili sakafuni, vuta uzi kutoka jicho hadi jicho, kisha pima kimo kutoka kwenye uzi hadi kwenye jani kuu katikati. Zikitofautiana waziwazi, ziache. Zilizotoka kwenye gari lililofanya kazi ufukweni au kwenye nchi ya theluji yenye kumwagiwa chumvi barabarani huwa na kutu kati ya majani hata kama nje zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Rangi mpya kwenye springi kuukuu ni sababu ya kuikwangua kabla ya kulipa.

Mifuko ya upepo na springi za raba zinazokaa kati ya ekseli na chasisi nazipa nafasi ya nne, na zinamfaa mtu mmoja hasa: yule ambaye gari lake liko tupu kwa siku nyingi, kisha siku moja linavuta tela au kubeba mzigo mkubwa. Unajaza upepo unapopakia na kuupunguza unaposhusha. Hazimfai mtu ambaye springi zake zimekufa. Mfuko hupeleka uzito kwenye nukta moja ya chasisi badala ya kuugawa kwenye macho mawili ya springi, na Australia, ambako vifaa hivi vimetumika sana, zimeonekana pikapu za kebini mbili zilizopinda chasisi kwa kubeba mzigo mzito nyuma ya ekseli huku mifuko ikiwa imejazwa upepo mwingi. Wala mfuko hauongezi uzito ambao gari liliidhinishwa kubeba.

Kupinda upya springi za zamani ni kazi inayofanywa karibu kila mji, na ubora wake unategemea kabisa namna inavyofanywa. Chuma cha springi hupata uwezo wake kwa kupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, kupozwa ghafla ndani ya mafuta, kisha kupashwa tena kwa moto wa chini, kati ya nyuzi 400 na 550. Karakana yenye tanuru inayoweza kurudia hatua hizo hukurudishia springi ya kweli. Fundi anayechoma katikati ya jani kwa gesi na kulipinda amelilainisha mahali hapo hapo linapobeba uzito mkubwa kuliko kwingine, na akilimwagia maji likiwa jekundu amelifanya livunjike kama kioo. Kupinda baridi kwa presi kunaweza kukuvusha msimu wa mavuno, kisha springi italala tena. Kwa hiyo lipa kwa tanuru, au usilipe.

Sheko ndefu na vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli ndivyo ninavyokuomba usivinunue kwa ajili ya tatizo hili. Vyote viwili huinua bodi tu. Sheko iliyoongezwa sentimita 5 huinua gari kama sentimita 2.5 na kubadili pembe ya difu na propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma; kipande cha chuma huipa ekseli mkono mrefu wa kuisokota springi kila unapokanyaga mafuta au breki.

Siku ya kufunga, usirudishe yubolti za zamani, kwa kuwa zimekwishavutika. Bolti za macho na za sheko zishikizwe tu mwanzoni, kisha zikazwe kikamilifu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba za bushi hubaki zimesokotwa na kuchanika mapema. Mkatalie fundi anayetaka kupaka oili chafu kwenye springi mpya, maana oili hukusanya vumbi na kuzila raba.

Jambo linalosahaulika zaidi ni breki. Hilux nyingi zina fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chasisi, na vali hiyo hupunguza nguvu ya breki za nyuma pale nyuma ya gari inapokuwa juu, ikidhani gari ni tupu. Ukiinua nyuma bila kurekebisha fimbo hiyo, utashuka mlima na mzigo huku breki za mbele zikifanya karibu kazi yote. Irekebishwe siku hiyohiyo, pamoja na mwanga wa taa za mbele. Springi mpya zitashuka kidogo katika wiki za mwanzo, jambo ambalo ni la kawaida, na baada ya kilomita 500 hivi yubolti zinapaswa kukazwa tena.