El Museo del Barrio, New York: makumbusho ya kumwambia kitu mtu wa pwani

Mzanzibari akifika New York huelekezwa makumbusho makubwa ya Fifth Avenue. Akishayaona, apande juu mpaka mtaa wa 104, yalipo El Museo del Barrio. Panda treni ya chini ya ardhi namba 6, shuka kituo cha 103rd Street, tembea mitaa mitatu upande wa magharibi, kisha mmoja kaskazini. Siku nyingine za wiki hufungwa.

Makumbusho haya yalianzishwa 1969 na msanii Raphael Montañez Ortiz, baada ya wazazi na walimu wenye asili ya Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, hapo East Harlem kudai watoto wao wafundishwe utamaduni wao. Yalianzia kwenye darasa la skuli, na 1977 yakahamia jengo la sasa. Baadaye yakapanuka kuwa ya Walatino wote, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Baadhi ya watu wa mtaa walinung'unika, na walikuwa na haki: asiyeyadai hakuyajenga.

Kosa la wageni wengi ni kudhani watakuta kila kitu. Hazina yao inapindukia vitu 8,000, toka vya Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi waliokuwepo kabla ya Columbus, lakini vyumba ni vichache na vingi hukaa ghalani. Maonyesho hubadilishwa, na anayefika wakati wa kupanga upya hukuta milango imefungwa. Soma ratiba kwanza.

Ukibahatika, tafuta watakatifu wadogo wa mbao, waliochongwa kwa mkono kwa ajili ya ibada za nyumbani. Na vikiwa vimetolewa vinyago vya uso vya vejigante, yule zimwi wa sherehe za Puerto Rico, simama hapo. Vile vya Loíza, mji wa Puerto Rico wenye vizazi vya Waafrika, hutengenezwa kwa kumbi la nazi. Kumbi lile lile ambalo kwetu hufukiwa kwenye matope ya pwani likatoa usumba wa kamba, kule limetiwa pembe na meno, likapakwa rangi kali. Mgeni wa bara hupita. Wewe utaujua uzi wake.

Maelezo ukutani ni kwa Kihispania na Kiingereza. Watakaopanga vitu vya Beit al-Ajaib, makumbusho ya Unguja iliyoporomoka sehemu yake Disemba 2020, wangefaa kupita hapa, ili Kiswahili kitangulie kwenye kila kibao.

Anayeipenda Mwaka Kogwa aende tarehe 6 Januari au karibu yake, kwenye maandamano ya Wafalme Watatu, wale mamajusi waliomzuru mtoto Yesu, ambayo yamejulikana kwa ngamia wa kweli mitaani. Baridi yake ni kali; chukua koti zito na soksi mbili.