Ng'ombe na ritifaa yake: miaka mitatu na PostgreSQL

Natunza kumbukumbu za ushirika wa wafugaji wa maziwa huku Tukuyu. Asubuhi maziwa yanafika kituoni, yanapimwa kwa laktomita, lita zinaandikwa, na mwisho wa mwezi kila mfugaji analipwa kwa alicholeta. Yote hayo yanakaa ndani ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Sina shida na kasi yake wala uimara wake, na ni ya bure. Ninachotaka kuipima hapa ni jambo moja ambalo wenzangu wananiuliza kila mara: inafanyaje pale jina la jedwali linapokuwa na alama ambayo si herufi wala tarakimu?

Kwetu swali hilo linakuja siku ya kwanza ya kazi. Jedwali mama la ushirika wa maziwa ni ng'ombe, na ng'ombe ana ritifaa, ile alama ya ' katikati ya neno. Ukiandika create table ng'ombe hivi hivi, PostgreSQL inadhani umefungua maandishi, basi inakaa inangoja ritifaa ya kufunga. Unabonyeza Enter, hakuna jibu wala kosa. Ukitazama vizuri mwanzo wa mstari unaona jina la hifadhidata limebandikwa ritifaa, ushirika'>, ndiyo njia yake ya kukuambia kuna kitu hujakifunga. Siku yangu ya kwanza nilikaa mbele ya alama ile dakika nyingi nikidhani seva imekwama.

Watu wengi wanakimbilia kuandika ngombe. Mfumo tuliokuwa nao mwanzo, wa kununua, ulifanya hivyo kila mahali, mpaka kwenye ripoti zinazobandikwa ubaoni. Mzee katibu wetu alinyoosha kidole kwenye karatasi akaniuliza, "Mama, huyu ngombe ni mnyama gani?" Hakuwa anatania. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na kwake ng' na ng ni sauti mbili, kama ilivyo kwa yeyote anayesema Kiswahili. Nilimpa haki yake. Neno ambalo wafugaji wote wanalitamka sawasawa halipaswi kupotoshwa kwa sababu kompyuta inasumbuka nalo.

PostgreSQL haisumbuki. Ukilifunga jina kwa alama za usemi za jozi, "ng'ombe", linapokelewa. Ndani ya alama hizo unaweza kuweka nafasi, kistari, mkwaju, mabano, hata alama ya usemi yenyewe ukiiandika mara mbili. Kinachokataliwa ni herufi moja tu, ile yenye msimbo sifuri. Tulipohamisha majedwali ya zamani yenye majina kama "Maziwa/Jioni" na "Lita (jumla)", yaliingia yalivyo. Kikomo ni baiti 63 (herufi ya kawaida ni baiti moja), na jina likizidi hapo linakatwa mkia huku ukipewa taarifa tu, kwa hiyo majina marefu yaangalieni.

Nimeshika na hifadhidata nyingine. MySQL inataka ile ritifaa iliyolala ya kitufe kilicho chini ya Esc, na kwenye diski jedwali linageuka ng@0027ombe, jambo linalochosha macho ukiwa unatafuta faili usiku. SQL Server wana mabano ya mraba. SQLite inakubali mitindo yote mitatu, lakini ina tabia ninayoiogopa: kwa mazoea yake ya zamani, ukikosea jina la safuwima ndani ya alama za usemi, inaweza kulichukua kama maandishi ya kawaida na kukurudishia neno lile lile kwenye kila mstari badala ya kukuambia umekosea. PostgreSQL ingekukatalia hapo hapo, na kwa hilo naiheshimu.

Shida yake iko kwenye herufi kubwa. Jina lisilofungwa linashushwa lote kuwa herufi ndogo. Lililofungwa linabaki kama lilivyo. Sasa chombo kimoja cha kuhamishia data kilitutengenezea "Wafugaji" kwa W kubwa, na kila aliyeandika select * from Wafugaji alijibiwa kwamba wafugaji hayupo, ilhali anamwona kwenye orodha. Ukianza na herufi kubwa ndani ya alama za usemi, umejifunga kuziandika alama hizo maisha yote ya mfumo. Mimi nilibadilisha yote kuwa herufi ndogo wiki hiyo hiyo.

Halafu jina lenye ritifaa linazaa watoto wenye ritifaa. Ufunguo mkuu unaitwa ng'ombe_pkey, kihesabu, kile kinachotoa namba zinazofuatana, kinaitwa ng'ombe_id_seq, na ukitaka kukitaja ndani ya amri unaandika hivi:

nextval('"ng''ombe_id_seq"')

Hesabu alama hizo polepole. Ritifaa ya nje inafungua maandishi, alama ya jozi inafungua jina, na ritifaa ya neno lenyewe inaandikwa mara mbili. Dawa niliyoipata ni mbili: safuwima ya namba niliipa generated always as identity, yaani ijipe namba yenyewe, nikaacha kukitaja kihesabu kabisa, na popote programu inapotunga jina la jedwali, natumia format, kitendakazi cha kutunga maandishi, na alama yake ya %I inayoshika nafasi ya jina. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ukiipa wafugaji, inaliacha bila kuligusa. Ukiipa ng'ombe, inalifunga yenyewe. Na mtu mwenye nia mbaya akipenyeza amri ndani ya jina, inabaki kuwa jina tu, haitekelezwi.

Lakini kuna jambo lilitukuta mwezi wa masika, na ndilo lililonifanya niandike.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo alipewa kazi ya kuingiza mitamba wapya 46 kwa namba za hereni. Skripti aliiandika kwenye programu ya kuandikia barua, ile inayopinda ritifaa ili ipendeze. Ilianza na create table if not exists ng’ombe, bila alama za usemi, ikafuatiwa na amri ya kunakili kutoka faili. Seva ikajibu COPY 46. Hakuna kosa hata moja. Jioni idadi ya ng'ombe kwenye ripoti ilikuwa ile ile ya jana.

"Dada, nimeingiza wote, angalia," akaniambia, na kweli kwenye skrini yake walikuwepo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, niorodheshee majedwali." Yakatoka mawili yanayofuatana: ng'ombe na ng’ombe. Kwa maandishi madogo ya skrini yetu huoni tofauti. Nikayapima kwa octet_length, inayohesabu baiti za jina: la kwanza baiti 7, la pili baiti 9. Ritifaa iliyopinda peke yake inakula baiti 3.

Ndipo nilipoelewa. Kwa PostgreSQL, ritifaa iliyonyooka ni alama ya amri na lazima ifungwe, lakini ile iliyopinda iko nje ya herufi za ASCII, ile orodha ya msingi ya herufi na alama za kompyuta, na kila kilicho nje ya hapo kinahesabiwa kama herufi ya kawaida ya jina. Inapita wazi mlangoni. Kosa lilikuwa letu, tulinakili bila kukagua, ila natamani seva ingetoa hata taarifa moja. Niliwahamisha wale 46 kwa insert moja, nikalifuta jedwali la pili, kisha nikaweka triga ya tukio, yaani kanuni inayojiendesha yenyewe, inayokataa jedwali lolote jipya lenye ritifaa iliyopinda. Kijana na mimi tuliijaribu pamoja mara tatu kabla ya kwenda nyumbani.

Nyota 4 kati ya 5. Naipunguzia moja kwa habari ya herufi kubwa na hiyo ritifaa iliyopinda. Kama wewe ni mgeni na uko peke yako, anza na herufi ndogo na kistari cha chini. Jedwali lako liite mifugo ukipenda, halafu juu yake weka mwonekano (view, yaani hoja iliyohifadhiwa inayosomwa kama jedwali) uitwao "ng'ombe" kwa wanaosoma ripoti. Sisi tumeliacha jedwali lenyewe na jina lake. Jumatatu mzee katibu alikuja kuchukua orodha ya chanjo, akaisoma kwa sauti kutoka juu, akasaini.