Niliacha i7 nikachukua i5: uzoefu wangu wa miezi minane, Tanga

Napiga picha na video za harusi hapa Tanga. Wiki hii niko Ngamiani, ijayo Muheza, inayofuata Pangani, na kazi yote ya kuhariri naifanyia nyumbani, Makorora, kwenye kompyuta mpakato moja tu. Ikikwama hiyo, nami nimekwama. Basi nieleze nilivyochagua prosesa, yaani chipu inayopiga hesabu zote za kompyuta, ya mashine ninayotumia sasa, maana mara ya kwanza nilichagua kwa macho na nikajuta.

Mwaka 2021 nilinunua mashine ya mtumba yenye kibandiko cha i7, ngazi mojawapo ya prosesa za kampuni ya Intel. Muuzaji aliniambia, "Dada, i5 ni za ofisini, hii i7 ndiyo ya video." Nikamwamini, kwa kuwa saba ni kubwa kuliko tano na mimi sikuwa na kipimo kingine. Sikuuliza ni i7 ipi. Ndani mlikuwa na Core i7-7500U, prosesa iliyotoka mwaka 2016, yenye viini viwili. Kiini ni kile kitengo cha ndani kinachopiga hesabu. Ukiwa na viwili ni kama una majiko mawili: wali uko huku, mchuzi uko kule, chai itasubiri. Kwa kuandika barua na kuingia mtandaoni sikuwa na neno nayo. Video ya nikahi iliyopigwa kwa kamera mbili ndiyo haikuwa saizi yake.

Januari 2025 nilikuwa na kazi ya mama mmoja aliyemwoza binti yake hapa mjini. Yeye alikuwa anarudi Mombasa alfajiri, kwa basi la kupitia Horohoro. "Mwanangu, niondoke nayo hata kama haijapambwa," aliniomba, kwa sababu kule kulikuwa na bibi wa bi harusi, mgonjwa, aliyeshindwa kuja. Nilimaliza kukata saa nne usiku, nikaiacha mashine irende, yaani iunganishe vipande vyote kuwa video moja iliyokamilika. Lilikuwa lile joto la kaskazi ambalo hata usiku halishuki. Saa nane ikajizima yenyewe, imeshapita asilimia 80. Nikaanza upya, na kulipokucha haijafika hata nusu. Mama akapanda basi na fleshi yenye picha mnato peke yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya mwanangu, utanitumia," na maneno hayo yalinikaa rohoni kuliko kama angenifokea.

Fundi alipoifungua alikuta vumbi limeziba njia ya hewa, na ile dawa ya kupozea inayopakwa juu ya prosesa imekauka kama unga. Akasafisha, akapaka mpya, ikaacha kujizima. Kasi haikuongezeka vya kutosha, maana viini vilikuwa vile vile viwili. Tena muda ulikuwa unaniishia kwa upande mwingine: Microsoft walishatangaza kwamba Windows 10 itakoma kupata masasisho ya usalama Oktoba 14, 2025, na kwenye orodha ya Windows 11, prosesa za Intel karibu zote zinaanzia kizazi cha nane, yaani toleo la nane la familia hiyo. Yangu ya saba. Ikabidi nitafute nyingine, na safari hii nijifunze kwanza.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuisoma namba yote, hadi herufi ya mwisho. Chukua i5-1235U. Ile 12 ya mwanzo ni kizazi, na U ya mwisho inasema ni ya matumizi madogo ya umeme, wati 15 kwa msingi. Ikiwa na H, kama i5-12450H, msingi ni wati 45: ina nguvu zaidi, joto zaidi, na chaja nzito zaidi. Ni kwa sababu ya kizazi i5-1235U ina viini 10, vikubwa 2 vya nguvu na vidogo 8 vya kubana umeme, wakati i7 yangu ya kizazi cha 7 ilikuwa na viwili. Zile tatu, tano na saba zinapanga ngazi ndani ya kizazi kimoja. Ukivuka kizazi hazikwambii kitu.

Kwa AMD, kampuni inayoshindana na Intel na kuuza prosesa zinazoitwa Ryzen, mambo yana mtego wake, na hapa naomba msomaji asikimbie. Kwenye mashine za mwaka 2023 walileta mpango ambao tarakimu ya kwanza inaonyesha mwaka wa toleo, na ile ya tatu ndiyo inayosema muundo wa ndani ni wa lini. Ryzen 5 7520U ina 2 pale katikati, maana yake ni muundo wa Zen 2, ambao ulianza 2019, na ina viini 4. Ryzen 5 7530U ina 3, yaani Zen 3, na viini 6. Tarakimu moja tu! Halafu ipo Ryzen 5 5500U ya mwaka 2021, namba ndogo kuliko zote hizo, lakini ina viini 6 na inaweza kushika kazi 12 kwa mpigo. Dukani zote zinaitwa "Ryzen 5". Intel nao mwishoni mwa 2023 walianza kuiondoa ile "i", kwa hiyo ukiona Core 5 120U usidhani ni kitu kigeni kabisa: nayo ni viini vikubwa 2 na vidogo 8, mpangilio ule ule wa 1235U.

Nilipojua hayo, niliweka kwenye fleshi kipande changu cha video cha dakika kumi pamoja na HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, nikaenda nayo madukani. Duka la kwanza walikataa nisiguse kitu. La pili alikuwepo mzee mmoja muungwana sana. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akasema, "Weka tu mwanangu, pesa yako ndiyo inayotoka." Nilikaa pale tangu adhuhuri hadi alasiri na saa ya simu mkononi.

Nyumbani i7 yangu ya zamani ilichukua dakika 34. Ryzen 5 7520U, iliyokuwa mpya na yenye bei nafuu kuliko zote pale, ilichukua 15. Ryzen 5 5500U ilimaliza kwa dakika kumi kasoro kidogo, na i5-1235U kumi na ushee. i5-12450H iliwashinda wote kwa dakika sita na nusu. Kwa hesabu tupu, basi, H ndiyo bingwa na Ryzen ya 5500U iliipita i5 niliyokuja kuinunua. Nasema hivyo wazi kwa sababu wapo wanaoshabikia Intel na AMD kama Simba na Yanga, na ushabiki huo haumsaidii mtu mwenye pesa ya kuunga.

H niliiacha kwa sababu mbili. Nilipochomoa chaja na kurudia jaribio, betri ilishuka mbele ya macho yangu, na sehemu ya kazi yangu hufanyika ukumbini, pengine pembeni ya jukwaa ambako hakuna soketi. Ya pili ni lile joto la chumba changu. Prosesa yoyote ikipata moto sana hujipunguza kasi ili isiungue, kwa hiyo wati 45 utakazolipia hapa pwani, mwezi wa pili, ndani ya chumba cha bati, hutazipata zote.

Kati ya 5500U na 1235U nilisita zaidi. Kilichoamua ni kazi yenyewe. Kurenda ni mara moja, lakini kukata ni saa nzima za kuvuta video mbele na nyuma, kutafuta pale bibi harusi anapoinua uso. Hapo kinachosaidia ni kasi ya kiini kimoja kimoja, na 1235U inafika gigahezi 4.4 ambapo mwenzake anaishia 4.0. Pia Intel wana kitengo maalumu cha kufungua na kufunga video, wanakiita Quick Sync, ambacho programu ninayotumia inakielewa vizuri. Nilipokiwasha kwenye HandBrake, zile dakika kumi zikawa chini ya nne, ingawa kwa macho yangu picha ilipungua ubora kidogo kwenye vitambaa vyenye nakshi. Nikalipa shilingi 1,450,000. Chapa ya mashine siitaji, kwa sababu prosesa hiyo hiyo imo ndani ya chapa nyingi na hapa nazungumzia prosesa.

Sasa sikiliza hili, maana hakuna muuzaji aliyeniambia. Mashine ilikuja na RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, ya GB 8, kipande kimoja, na nafasi ya pili tupu. Nilipofungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha vifaa vya ndani vinavyofanya kazi, upande wa picha palisomeka "Intel UHD Graphics". Nilidhani nimeuziwa kitu kingine, kwani nilisoma kwamba sehemu ya picha ya 1235U inaitwa Iris Xe. Nikampelekea fundi wangu wa Barabara ya 12. Akatoa skrubu kumi, akaachanisha mfuniko kwa kadi ya plastiki, akachomeka kipande cha pili cha GB 8 hadi klipu mbili za pembeni zikasema ta! Tulipowasha, jina limebadilika: "Intel Iris Xe Graphics". Prosesa ni ile ile. Sehemu yake ya picha haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa RAM, na ikipata vipande viwili inapita njia mbili kwa pamoja. Ikiwa na kimoja, Intel hawaipi hata lile jina. Shilingi 80,000 pamoja na ufundi, na video iliyokuwa ikikatakata nikiivuta ikawa inateleza. Sijawahi kutoa pesa ikanirudishia namna ile.

Nimeshapita nayo kaskazi moja. Ukianza kurenda, kwa nusu dakika hivi za mwanzo inakimbia sana, halafu inatulia kwenye mwendo wake wa wati 15 na kuendelea hivyo hadi mwisho. Hiyo ndiyo tabia ya U, usishtuke. Naiinua juu ya vipande viwili vya mbao ili ivute hewa chini. Mchana wa joto kali naingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows naweka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99 badala ya 100. Asilimia moja hiyo inazima ile mbio ya ziada, feni inanyamaza, na ingawa kasi inashuka, kwa kukata tu naivumilia. Haijajizima hata mara moja.

Inaposhindwa ni kwenye video za 4K, zile zenye picha kali sana na faili nzito, za kamera tatu kwa pamoja. Hapo inasita, na huwa natengeneza kwanza nakala nyepesi za kukatia, kisha narudi kwenye zile halisi wakati wa kurenda. Anayefanya kazi hiyo kila siku, tena mwenye kiyoyozi na umeme wa uhakika, achukue H. Wenye MacBook Air ya M1, kompyuta mpakato ya Apple yenye prosesa yao wenyewe, nao wananisifia mashine yao, na nimeigusa, kweli ni nyepesi na haina hata feni, ila RAM uliyonunua nayo ndiyo hiyo hiyo, huongezi.

Juzi kijana ninayefanya naye kazi alikwenda kutafuta yake. Akanitumia picha ya kibandiko: Ryzen 5, mpya, bei ya kupendeza. Nikampigia. "Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye prosesa, nisomee namba."

"7520U, dada."

"Viini vingapi?"

"Vinne."

Nikamwambia amuulize mwenye duka kwa adabu kama anayo ya 7530U. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, nikasikia maboksi yakisogezwa. Ilikuwepo, kwenye rafu ya chini, bei imezidi kwa shilingi 90,000. Ameichukua, na RAM ya pili tunaiweka Jumamosi.